Majlisi ya Mtaa wa Harry

Zipo nyumba ambazo wenyewe wamekwisha kuzikwa na milango yake ingali inafunguliwa kila siku, na mgeni atokaye mbali huingia humo akitaraji kuwakuta wameketi. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika baa ya McDaid's, nambari 3, mtaa wa Harry, mtaa mfupi unaochepuka kutoka barabara mashuhuri ya Grafton katika jiji la Dublin, makao makuu ya Jamhuri ya Ayalandi. Mimi ni mtu wa Unguja, nimelelewa katika nyumba isiyojua harufu ya pombe, wala sijapata kuonja tone lake. Lakini mapenzi ya kitabu humpeleka mtu mahali ambapo miguu yake peke yake isingalimpeleka. Nilikuwa nimesoma kumbukumbu za John Ryan, zilizotolewa mwaka 1975 kwa jina la Remembering How We Stood, na za mshairi Anthony Cronin, Dead as Doornails, zilizotoka mwaka uliofuata, na wote wawili wanasimulia habari za kundi la waandishi, wachoraji, wanafunzi na watu wasio na kazi maalumu waliokuwa wakikutana katika chumba hicho katika miaka iliyofuata Vita Vikuu vya Pili, wakinywa kwa kadiri ya kutisha na wakisemezana kwa fasaha ya ajabu. Nilitaka kupaona mahali penyewe.

Nilifika mwezi wa Juni, wakati ambapo jua la nchi ile halituwi mpaka karibu na saa nne za usiku, na kwa mtu aliyezoea Ikweta, ambako nyakati za sala hazipishani sana mwaka mzima, jambo hilo ni la kustaajabisha mno: nilikuwa nikiingoja magharibi hali mbingu ni nyeupe na watu wanatembea barabarani kana kwamba ndiyo kwanza alasiri. Mto Liffey hupita katikati ya mji, maji yake yana rangi ya chai isiyotiwa maziwa, na shakwe huruka juu yake wakilia mpaka usiku. Upepo ukivuma kutoka magharibi huja na harufu ya shayiri iliyokaangwa, nayo hutoka St James's Gate, ambako Arthur Guinness mwaka 1759 alitia saini mkataba wa kukodi kiwanda kwa muda wa miaka 9,000, kwa kodi ya pauni 45 kwa mwaka. Bia yake nyeusi yenye povu jeupe imevuka bahari nyingi tangu siku hiyo, na hivi leo hutengenezwa hata Kenya, ikanywewa na watu wasiojua Dublin iko upande gani wa dunia.

Chumba cha McDaid's ni chembamba, na dari yake iko juu kupita desturi ya baa za mji ule, ambazo aghalabu huwa na dari ya chini iliyoiva kwa moshi wa miaka mingi. Wenyeji husimulia kwamba jengo hilo hapo zamani lilikuwa nyumba ya kuhifadhia maiti, kisha likawa kanisa dogo la ndugu wa Moravian, nao ndio walioliachia madirisha yake marefu. Iwe hadithi hiyo ina ukweli wote au nusu yake, anayesimama mbele ya kaunta na kuinua macho hutambua mara moja kwamba pale ni mahali palipojengwa ili sauti ya mtu isikike. Siku niliyoingia, vijana kutoka Ujerumani na Marekani walikuwa wakipigana picha na bilauri zao chini ya picha za waandishi marehemu, na sikuona hata mmoja aliyekuwa akizungumza na mtu asiyekuja naye. Niliagiza chai. Mhudumu hakukunja uso wala kuuliza, kwani Waayalandi ni miongoni mwa watu wanaokunywa chai nyingi kabisa ulimwenguni, na sehemu kubwa ya majani yake hutoka katika milima ya Kenya. Kwa hiyo nilikunywa Dublin, kwa bei ya Dublin, kitu kilichochumwa na mikono ya majirani zangu.

Ili msomaji afahamu kwa nini chumba hicho kiliweza kukusanya akili nyingi namna ile, hana budi kwanza kuijua Ayalandi ya miaka ya 1950. Ilikuwa nchi maskini, na katika muda wa mwongo ule mmoja idadi ya waliohama ilizidi ya walioingia kwa watu kama 400,000, katika taifa lisilofikia watu 3,000,000. Tena ilikuwa nchi yenye sheria kali ya mwaka 1929 ya kuchuja maandishi, na vitabu vya wana wa nchi wenyewe vilipigwa marufuku kimoja baada ya kingine, hata Borstal Boy cha Brendan Behan, kilichopokewa kwa shangwe London mwaka 1958, hakikuruhusiwa kuuzwa katika mji alikozaliwa mwandishi. Vyumba vya kupanga vilikuwa na baridi na unyevu. Basi neno lililokatazwa chapani lilipata makao ulimini, na ulimi ulihitaji mahali penye moto, mwanga, na watu wa kusikiliza. Yule John Ryan alikuwa na gazeti la fasihi, Envoy, lililodumu tangu 1949 mpaka 1951, na ofisi yake ilikuwa hapo hapo mtaa wa Grafton; kazi zote nzito za ofisi hiyo, kama wanavyosimulia waliokuwamo, zilifanyiwa McDaid's, na gazeti lilipokufa watu wake waliendelea kukutana pale, nao wakadumu kuliko gazeti.

Mkubwa wao alikuwa Patrick Kavanagh, aliyezaliwa mwaka 1904 katika kijiji cha Inniskeen, wilaya ya Monaghan, mtoto wa mshona viatu mwenye shamba dogo. Aliacha shule angali mtoto, akalima, akashona, akajifunza ushairi peke yake, na mwaka 1942 akatoa utungo mrefu, The Great Hunger, juu ya mkulima aliyezeeka bila ya mke wala furaha, utungo uliowaonyesha watu wa mjini kwamba shamba walilokuwa wakiliimbia kwa mapenzi lilikuwa jela kwa wengi. Lakini mji haukumpa kazi. Alitembea barabara za Dublin kwa kofia yake ya pama na miwani mizito, akikohoa, akikopa, akitukana, akiisubiri saa ya kufunguliwa baa. Wa pili alikuwa Brian O'Nolan, mzaliwa wa Strabane mwaka 1911, mtumishi wa serikali wa cheo cha heshima, ambaye kwa jina la Flann O'Brien alikwisha kuandika riwaya ya ajabu, At Swim-Two-Birds, mwaka 1939, na kwa jina la Myles na gCopaleen aliandika katika Irish Times tangu 1940 makala zilizoufanya mji mzima ulifungue gazeti kuanzia ukurasa wake. Huyu alikuwa mtu mdogo wa umbo, mwenye koti jeusi, mkali wa maneno, na ulevi ulichangia kumtoa katika utumishi mwaka 1953. Wa tatu, mdogo wao kwa umri na mkubwa kwa sauti, alikuwa Behan, aliyezaliwa mwaka 1923, mpaka rangi nyumba kwa kazi, aliyetiwa jela ya vijana Uingereza akiwa na miaka kumi na sita kwa kukamatwa na baruti za wapigania uhuru, na ambaye tamthilia yake ya kwanza kubwa, The Quare Fellow, ilichezwa Novemba 1954 katika jumba dogo la Pike.

Msidhani kwamba watu hawa walipendana kama wanavyopendana katika picha za kutani. Kavanagh na Behan walichukiana kwa moyo wote. Gazeti moja lilipomwandika Kavanagh mwaka 1952 kwa maneno aliyoona yamemvunjia heshima, yakimwonyesha akijitapa baani mbele ya wafuasi wake, alilishtaki, na Februari 1954 akasimama kizimbani mbele ya John A. Costello, wakili hodari aliyekwisha kuwa Waziri Mkuu na ambaye miezi michache baadaye angekuwa tena. Mshairi alikana kwamba Behan ni rafiki yake. Hapo kikatolewa kitabu alichompa Behan zamani, chenye maneno ya urafiki kwa mkono wake mwenyewe, na kesi ikamwendea kombo. Mji ulicheka, lakini nikiifikiri habari ile naona huzuni tu, maana mtu asiyekuwa na mali ila jina lake alilipeleka jina hilo sokoni, likauzwa kwa bei ya makala moja.

Mwaka huo huo, tarehe 16 Juni, ambayo ndiyo siku inayopita yote ndani ya riwaya ya James Joyce, Ulysses, iliyotolewa 1922, John Ryan na O'Nolan walikodi magari mawili ya farasi, wakamchukua Kavanagh, Cronin, A. J. Leventhal na mganga wa meno aliyekuwa jamaa wa Joyce, wakakusudia kuzunguka mahali pote panapotajwa kitabuni. Walianza Sandycove, ufuoni, na walisimama baani njiani mara nyingi hivi kwamba safari iliishia nusu, katika baa ya Bailey, mtaa wa Duke. Hivi leo siku hiyo ni sikukuu ya mji. Nilikuwapo, nikaona wanaume waliovaa kofia za majani na wanawake wenye magauni ya enzi za kale wakila figo za kukaanga asubuhi, kama mhusika wa Joyce, na wengi wao hawakumaliza hata hicho kifungua kinywa. Nilipenda furaha yao. Nikakumbuka, hata hivyo, kwamba wale sita wa kwanza hawakutangaza kitu wala kuuza kitu. Walikuwa wakimheshimu mwandishi ambaye nchi yao ilikuwa bado inamwonea haya.

Sasa na niseme habari ya pombe yenyewe, maana wengi wanaosifu zama zile huipita kwa kicheko, na mimi siwezi kucheka. Behan alikuwa na ugonjwa wa kisukari. Mwaka 1956 alitokea kwenye televisheni ya BBC akiwa amelewa hata hakuweza kutamka, na tangu siku hiyo watu walikuja kumtazama akilewa, wakamnunulia, wakamchochea, na kila aliyemnunulia akarudi kwake na hadithi ya kusimulia. Miaka yake ya mwisho hakuweza tena kuandika. Vitabu vyake vya mwisho vilisemwa katika mashine ya kurekodi sauti, na mtu mwingine akaviandika. Alikufa tarehe 20 Machi 1964, akiwa na umri wa miaka 41, na umati mkubwa ukamsindikiza mpaka makaburi ya Glasnevin. O'Nolan alimfuata tarehe 1 Aprili 1966, mwenye miaka 54. Alikuwa na riwaya nyingine, The Third Policeman, ambayo wachapishaji waliikataa mwaka 1940, naye kwa aibu akawaambia rafiki zake kwamba mswada umepotea, na kumbe ulikuwa umekaa nyumbani kwake miaka yote hiyo. Ulichapwa mwaka 1967, na wasomaji wengi huuhesabu kuwa kazi yake bora. Alikaa baani zaidi ya miaka ishirini akisifiwa kwa mzaha wake, hali kitabu chake kikubwa kimefichwa kabatini.

Kavanagh peke yake ndiye aliyepewa muhula. Mwaka 1955 alitolewa pafu moja kwa sababu ya saratani, na kiangazi kile, akiwa dhaifu, alikwenda kulala majanini kando ya Mfereji Mkuu, karibu na daraja la mtaa wa Baggot, akitazama maji yakimwagika katika malango na bata-maji wakipita. Hasira ilimtoka. Mashairi aliyoyatunga baada ya hapo ni mepesi, yenye shukrani, na ndiyo yanayosomwa zaidi mashuleni. Nilikwenda hapo mferejini alasiri moja. Wamemwekea benchi, na juu yake sanamu yake ya shaba, kazi ya John Coll, amekunja mikono, kofia iko kando. Mahali penyewe ni pazuri kwa sababu hapana uzuri wa kujionyesha: mierebi, maji ya kijani, baiskeli zinazopita, mama na mtoto wakiwatupia bata mkate. Nilikaa sana. Watu waliopita walimgusa bega, kama mtu anayemsalimu jirani, wakaendelea na safari zao. Alioa Aprili 1967, akafa Novemba mwaka ule ule.

Dublin haikuwa na baa moja. Katika Palace Bar, mtaa wa Fleet, iliyofunguliwa mwaka 1823, mhariri wa Irish Times, R. M. Smyllie, mtu mnene aliyeshika kiti hicho tangu 1934 mpaka 1954, aliketi katika chumba cha nyuma akipokea waandishi kama kadhi anavyopokea wadai, akigawa kazi za kuhakiki vitabu kwa huyu na yule. Katika Toner's, mtaa wa Baggot, husimuliwa kwamba mshairi W. B. Yeats, ambaye hakuwa mtu wa baa, alipelekwa na rafiki yake akaone ilivyo, akanywa bilauri moja ya mvinyo, akasema amekwisha kuona, akaomba arudishwe nyumbani. Karibu na masoko na bandari zilikuwapo baa zenye ruhusa ya kufungua saa moja ya asubuhi, kwa ajili ya wachukuzi waliokesha kazini, na walevi waliotaka kuzimua walijua njia ya kwenda huko. Tena tangu 1927 palikuwa na sheria ya kufunga kuanzia saa nane na nusu mpaka saa tisa na nusu mchana, iliyoitwa saa takatifu, ili watu wakumbuke kula na kurudi kazini. Ilifutwa mwaka 1988. Tarehe 29 Machi 2004 uvutaji sigara ulipigwa marufuku katika baa zote, na Ayalandi ikawa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Wazee wanasema siku hiyo ndipo walipogundua kila baa ilikuwa na harufu gani chini ya moshi.

Wala sikuweza kuipenda majlisi ile bila ya kuiona kasoro yake. Wanawake hawakuwamo, au walikuwamo wachache kwa taabu. Baa nyingi zilikuwa na kijichumba kilichozungushiwa mbao, chenye kidirisha cha kupokelea kinywaji, ambamo mwanamke aliweza kukaa asionekane, na baa nyingine zilikataa kabisa kumwuzia bilauri kubwa ya bia, zikamwuzia nusu tu, mpaka sheria ya usawa ya mwaka 2000 ilipolikomesha jambo hilo. Nusu ya akili za Dublin zilikuwa zimefungiwa nje ya mazungumzo. Nasema haya nikijua vema kwamba na kwetu, wanaume wanapokaa barazani mpaka usiku, kuna mtu ndani anayepika na kulea, ambaye naye ana la kusema.

Jambo lililonigusa kuliko yote, na ambalo sikulitazamia, ni habari za mtu ambaye hakuandika hata ubeti mmoja. Jina lake Paddy O'Brien, naye alikuwa mhudumu mkuu wa McDaid's katika miaka yote hiyo ya fahari. Yeye ndiye aliyejua nani hapaswi kukaa karibu na nani, nani hajala, na nani amekwisha kufikia kikomo. Baa ilipouzwa, mwanzoni mwa miaka ya 1970, yeye aliondoka akaenda kufanya kazi katika baa ya Grogan's, mtaa wa South William, umbali wa dakika chache kwa miguu. Na wateja wakaondoka naye. Waliacha dari ya juu, madirisha marefu na viti vilivyokaliwa na Kavanagh, wakahamia chumba cha kawaida kisicho na historia, kwa kuwa ndiko alikokwenda mtu wao. Hapo nilielewa. Sisi tuliokaa katika vijiwe vya Mji Mkongwe tunajua kwamba baraza ni muuza kahawa: palipo na dele lake, vikombe vyake na masikio yake, hapo ndipo wazee hukusanyika, akihama pembe, pembe ya kwanza hubaki na mawe.

Basi nilikwenda Grogan's, na huko nilirudi jioni baada ya jioni. Hakuna muziki. Hakuna televisheni. Kutani zimetundikwa kazi za wachoraji wa mji, zenye bei zake, na kuna vioo vya rangi ambamo wamechorwa wateja wa siku zote, kama vile makanisani wanavyochorwa watakatifu. Chakula ni mkate uliobanikwa wenye jibini, kitunguu na nyanya, nao ni mtamu kwa mtu mwenye njaa. Nilikuwa nimevaa kofia yangu ya viua, na mzee mmoja aliyeketi pembeni na mpwa wake, mwenye kikombe cha chai mbele yake, aliitazama sana, kisha akaniita kwa Kiswahili safi.

"Karibu, sheikh. Kofia hiyo haikushonwa Ulaya."

"Shikamoo, mzee," nikamjibu, kwani sikuwa na neno jingine kwa mshangao.

"Marahaba. Kaa, kaa. Habari za Unguja?"

Alikuwa padri wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliyefundisha Uchagani tangu ujana wake mpaka nywele zilipokuwa nyeupe, na Kiswahili chake kilikuwa cha Moshi, cha taratibu, kila neno limewekwa mahali pake. Kwenye ukosi wa koti alikuwa na kipini kidogo chenye sura ya Moyo Mtakatifu, alama ya chama cha Pioneer, kilichoanzishwa Dublin na padri James Cullen mwaka 1898, ambacho wanachama wake huapa kutokunywa pombe maisha yao yote, nacho kimefika mpaka parokia za Kenya. Tukawa wawili tusiokunywa katikati ya wanywaji.

"Padri," nikamwuliza, "wewe umeapa, na umekuja kuketi hapa?"

"Kuna mtu gani anayekuja hapa kwa sababu ya kiu? Kiu hukatwa nyumbani kwa maji. Nimekuja kusikiliza."

Aliniambia kwamba katika ujana wake alikuwa akimwona Kavanagh akipita barabara ya Pembroke, jitu kubwa, akikohoa na kuzungumza na nafsi yake, na watoto wakivuka upande wa pili kwa hofu. Hakujua kwamba anamwona mshairi mpaka alipomsoma akiwa Kilimanjaro, usiku, kwa taa ya mafuta. Kisha akanieleza mbege ya Wachaga, inayopikwa kwa ndizi na kimea cha ulezi: jinsi isivyokuwa kinywaji cha mtu mmoja, jinsi kata ilivyopita kwa mpango wa umri, na jinsi ugomvi wa mpaka wa kihamba ulivyoweza kumalizwa mbele yake, kwa kuwa mtu aliyekunywa kata moja na mwenzake alikuwa amekubali mashahidi. Ulevi ulikuwako, akasema, na wake waliopigwa walikuwako, naye hakuapa bure; lakini ile pombe ilikuwa na wazee wake.

"Halafu nikasikia habari za viroba," akasema.

Nikamweleza. Vilikuwa vifuko vya plastiki vyenye pombe kali, vinavyoingia mfukoni mwa shati, vinavyouzwa kwa shilingi chache vibandani na vituo vya mabasi. Kijana alikata ncha kwa meno, akakinyonya peke yake nyuma ya ukuta, akaenda kuendesha pikipiki. Serikali ya Tanzania ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Padri alitikisa kichwa muda mrefu. Mpwa wake, aliyekuwa hajui tunasema nini, akatuuliza kwa nini tumehuzunika ghafla, na mjomba wake akamfasiria, na watu wa meza ya pili wakasikia, wakaingia. Mmoja akasema kwamba na Dublin hivi sasa vijana hununua pombe dukani kwa bei rahisi wakainywa chumbani mbele ya simu, na baa za vijijini zinafungwa moja baada ya moja, na wazee wa mashambani waliozoea kutembea maili mbili kwa ajili ya bilauri moja na maneno mawili sasa hawaonani na mtu mpaka Jumapili. Tulizungumza mpaka wahudumu walipoanza kupanga viti. Sikumbuki mtu aliyenunuliwa kinywaji cha tatu.

Siku moja kabla ya kuondoka nilipanda treni kwenda Howth, rasi yenye bandari ya wavuvi kaskazini ya mji, nikala samaki wa jamii ya vibua aliyetoka baharini asubuhi ile, pamoja na mkate mweusi wa magadi na siagi ya chumvi, na sili walikuwa wakichungulia majini kungoja vichwa. Huko nilifikiri juu ya wale marehemu watatu. Yawezekana kabisa kwamba pasipo baa wasingalikutana. Ni hakika vilevile kwamba pasipo wiski Behan angaliishi akaandika. Wanaotamani zile siku zirudi wawaombee wazungumzaji, wala wasiiombee chupa, kwani chupa haikuondoka Dublin hata siku moja, na wazungumzaji hawakurudi.

Nami nimeyajua haya yote kwa kuwa wawili waliokuwamo chumbani, Ryan na Cronin, walikaa chini wakayaandika wakati kumbukumbu ingali hai. Mashairi ya Muyaka bin Haji, yaliyosemwa barazani na sokoni Mombasa zaidi ya miaka 180 iliyopita, yamesalimika kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya kutoka vinywani mwa watu na kumwandikia W. E. Taylor. Basi, ndugu msomaji, ikiwa katika mtaa wenu, iwe Unguja, Lamu, Tanga au Bagamoyo, yuko muuza kahawa aliyewasikiliza wazee wa majlisi yenu kwa miaka thelathini, au mzee aliyekaa karibu naye, nenda kwake wiki hii na daftari, umwulize nani walikuwa wakikaa wapi na nini walikuwa wakisema, uandike kama anavyotamka, majina na mizaha na ugomvi wao pia, usimsahihishe.